Beberu wa Elinami

Samahani mapema: hadithi hii nitaiharibu. Aliyenisimulia aliwaliza watu. Mimi nikiisimulia, watu huuliza chakula kinaletwa saa ngapi.

Kule Marangu, mlimani Kilimanjaro, alikuwepo mjane mmoja, Mama Elinami. Mwanawe Elinami alikuwa anaishi Vancouver, Kanada. Kila Desemba, Wachaga wanaporudi nyumbani, hata wale waliokopa nauli, mama alimtenga beberu wa kumchinjia mwanawe. Na kila Desemba simu ilisema yale yale.

"Mama, huku ni mbali. Zaidi ya kilomita elfu kumi na nne, ndege tatu. Nikipata nafasi nitakuja."

Basi beberu akaponea. Mwaka wa kwanza alikuwa kijana. Wa tano akawa na ndevu za heshima. Wa tisa alikuwa mzee mzima, anatembea uani kama mwenyekiti wa kikao. Majirani walitania kwamba ndiye mbuzi pekee Marangu anayeombea ndege ziahirishwe. Mama alicheka nao, kisha akaingia ndani peke yake.

Binti yake, Aikande, alimshauri amuuze yule beberu. Mama akakataa, huwezi kuuza kitoweo cha mtu aliye safarini.

Hakuwahi kupanda ndege, hivyo hakumlaumu mtoto. Kichwani mwake Vancouver ilikuwa mwendo wa miezi, na mtu angeweza kuzeekea njiani. Ndege ikipita juu ya migomba kwenda kutua, alisimamisha jembe mpaka sauti ipotee, kisha akaendelea kulima.

Mwezi wa sita simu iliita, lakini sauti haikuwa ya Elinami. Moyo wa Elinami ulikuwa umesimama akiwa kazini. Watanzania wenzake wa huko, ambao hawakuwahi kumchangia hata tiketi ya Krismasi, walichanga kwa siku chache, wakamrudisha kwao.

Jeneza lilipoingia uani, Aikande alianguka chini. Mama hakulia. Alimwita rafiki wa marehemu aliyelisindikiza, akamkalisha, akampa maji.

"Baba, huko mmeondoka lini?"

"Juzi, mama."

"Juzi hii?"

"Juzi hii hii, jioni."

Mama akaligeukia jeneza.

"Miaka tisa ananiambia ni mbali," akasema. "Kumbe ni juzi tu."

Siku hiyo beberu akachinjwa. Nyama ilikuwa ngumu kama kiatu, na waombolezaji wakaanza kunong'onezana. Mama akawasikia.

"Mvumilieni," akasema. "Amesubiri sana."

Funzo: Safari unayoiahirisha ukiwa mzima, wenzako watakusafirisha, nawe hutamwona aliyetoka kukupokea. Mpelekee hii kila aliye mbali na kwao. Mimi nimeshawatumia wote, amebaki mama yangu tu. Yeye anakaa mtaa wa pili, nitampitia nikipata nafasi.