Mguu wa Mzee Righa

Waliokuwa katika kikao kile ni hawa. Bwana Bigvai Mwandoe, mwenyekiti wa kamati. Bi. Dorkasi Wawuda, mweka hazina. Bwana Stanslaus Mwachofi, aliyekuwa dereva wa mabasi ya masafa marefu hadi alipostaafu. Na kijana mmoja kutoka Mombasa, fundi wa kompyuta za magari, ambaye jina lake sikulipata, kwa hiyo silitaji. Mzee Jothamu Righa na mkewe, Bi. Eshita Mkawasi, hawakualikwa, kwa kuwa kikao kiliwahusu wao. Nawe ukiipeleka hadithi hii kwa mwingine, usiyapunguze majina.

Wazee hao wawili walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Kanisa lao, huku juu milimani Taita, lilikuwa limeunda kamati ya kuandaa jubilei. Swali lililobaki lilikuwa zawadi.

"Blanketi wanazo," alisema Bi. Wawuda. "Kila sherehe watu huwapelekea blanketi. Wangeweza kufungua duka."

"Basi mimi nasema tumpe mzee nguvu," alisema Bwana Mwachofi.

"Nguvu za nini, kaka? Ana miaka themanini!"

"Za gari, dada! Nguvu za gari!"

Wakacheka hata mwenyekiti akavua miwani kufuta macho.

Gari la Mzee Righa lilikuwa la petroli, la zamani, lenye injini ya aina ile inayonyunyiza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Injini hizo zikiwa mpya hukimbia vizuri. Zikizeeka hutaka kubembelezwa, na mafundi wengi huzikwepa. Gari hilo lilikuwa likienda polepole mno. Kwenye mlima wa kutoka Mwatate, malori yaliyobeba mawe yalilipita.

Watu walimtania waziwazi. "Mzee, juzi kobe alikupita pale kwenye kona, akakupungia mkono," Bwana Mwachofi alimwambia siku moja mbele ya waumini.

"Kobe hana abiria," alijibu Mzee Righa, akafunga mlango wa gari kwa utaratibu.

Hakuna aliyeuliza ana maana gani. Na katika kamati pia hakuna aliyependekeza aulizwe, kwa kuwa kwa desturi ya kamati zetu, zawadi ikishaulizwa imeharibika. Ni lazima mtu ashtukizwe.

Siku chache kabla ya jubilei, Bwana Mwandoe alikwenda kuomba gari, akasema linapelekwa kuoshwa na kupambwa. Mzee Righa alimpa funguo. "Liosheni tu," alisema. "Lina tabia zake."

Walilipeleka nyuma ya nyumba ya mwenyekiti. Kijana wa Mombasa akaunganisha kompyuta yake na injini. Siku hizi nguvu ya gari hupangwa na programu, wala haihitaji bisibisi. Kijana alitazama kioo kwa muda, kisha akageuka.

"Wazee wangu, hii programu si ya kiwandani. Kuna mtu aliigusa. Ameipunguza."

"Basi huyo aliiharibu," alisema Bwana Mwandoe. "Irudishe ilivyokuwa, halafu uongeze kidogo."

"Niongeze? Injini imezeeka, mwenyekiti."

"Ongeza, kijana. Ni jubilei."

Bwana Mwachofi naye alikuwa amefungua kifuniko cha rejeta. Maji ya kupozea injini yalikuwa ya rangi ya waridi. "Hii ni juisi ya watoto," alisema. Akayamwaga nusu, akajazia yale ya kijani aliyoyatumia kwenye mabasi maisha yake yote.

"Mzee, hayo hayachanganywi," alisema kijana. "Kila injini ina aina yake. Yakikutana yanaweza kuganda yakaziba njia."

"Wewe shughulika na kompyuta yako. Nimeendesha kutoka Mombasa hadi Kampala kabla hujazaliwa."

Bi. Wawuda aliyasikia maneno hayo yote. Alikuwa akifunga utepe mweupe kwenye vioo vya pembeni, akaendelea kufunga.

Jumapili ikafika. Baada ya ibada, magari yalijipanga nje ya kanisa ili kuwasindikiza maharusi wale wazee hadi ukumbini. Mwenyekiti alijitolea kuwa dereva wao.

"Ahsante, Bwana Mwandoe," alisema Mzee Righa. "Huyu nilimchukua mwenyewe kwao, kwa miguu. Leo nitamchukua mwenyewe kwa gari."

Akamkalisha mkewe kiti cha mbele, akamwekea mto mgongoni, akawasha injini. Kisha akakanyaga mafuta kama alivyozoea kukanyaga.

Gari liliruka kama ndama aliyefunguliwa. Kwaya ikashangilia. Bwana Mwachofi, aliyekuwa katika gari la nyuma, alipiga honi kwa furaha, akapiga tena. Ndipo kilipokuja kilio cha Bi. Mkawasi, kilio kirefu cha mtu aliyechomwa, na gari likasimama ghafla katikati ya barabara. Honi ikanyamaza.

Baadaye waliendelea, polepole kuliko siku zote. Walipofika ukumbini mvuke ulikuwa unatoka chini ya boneti. Gari lilikuwa limechemsha.

Bi. Mkawasi aliingia ukumbini ameshikwa huku na huku. Bwana Mwandoe alikuwa na hotuba mfukoni. Alikuwa ametayarisha maneno ya kuchekesha, na mwisho wake alikuwa aitangaze zawadi. Lakini kabla hajasimama, Mzee Righa aliomba kusema kwanza.

"Ndugu zangu," alisema, "nina neno la aibu. Mmekuwa mkinicheka kwa sababu ya gari langu, nami nilinyamaza, kwa kuwa mke wangu hapendi maumivu yake yazungumzwe. Leo ananiruhusu. Tangu alipoanguka shambani, mgongo wake haustahimili kushtuliwa. Gari likiruka kidogo tu, analala wiki nzima. Na kila mwezi ni lazima nimpeleke hospitali, Voi. Nilikwenda kwa fundi, nikamwomba ailaze ile injini, iamke polepole kama mtu mzima. Akailaza. Tangu hapo sijamuumiza mke wangu hata mara moja."

Akautazama mguu wake wa kulia.

"Leo mguu wangu umekosea. Sijui umekosea vipi. Nilikanyaga kama siku zote, au nilidhani hivyo. Hata maji ya injini, kumbe sikuyaangalia vizuri. Nimezeeka kabla ya gari. Mke wangu, nisamehe mbele ya hawa."

Akaweka funguo mezani, akasema hataendesha tena.

Bi. Wawuda aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake. Bwana Mwachofi alitoka nje kana kwamba ameitwa. Mwenyekiti alisimama, mkono juu ya mfuko wa koti, na watu wote wakamtazama, kwa sababu ilikuwa zamu yake.

"Kamati," alisema, "kamati inawapa wazee wetu zawadi." Akatafuta kwa macho. "Zawadi yenyewe ni chakula hiki."

Watu wakapiga makofi. Mzee Righa alipiga makofi kuliko wengine, akashukuru.

Nyuma ya jiko la ukumbi wakakutana watatu. Kijana wa Mombasa alikuwa amekwisha kuondoka.

"Tumwambie sasa hivi," alisema Bi. Wawuda.

"Tumharibie jubilei?" alisema Bwana Mwandoe.

"Imeharibika tayari, mwenyekiti! Anadhani ni mguu wake!"

"Dada, punguza sauti," alisema Bwana Mwachofi. "Tutamwambia, lakini tutafute siku."

Siku zikapita. Gari liliwekwa bandani. Ilipofika zamu ya hospitali, Bi. Mkawasi alipelekwa kwa gari la kukodi, akarudi hawezi kuketi. Mara ya pili alikataa kwenda.

Ndipo Bi. Wawuda akaenda nyumbani kwao peke yake, amebeba maparachichi, ameazimia kusema. Alimkuta Bi. Mkawasi amelalia mkeka mbele ya banda.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Mzee yuko shuleni."

Mzee Righa alikuwa ameketi ndani ya gari, injini imezimwa, amevua kiatu cha kulia. Alikuwa akikanyaga kile kikanyagio cha mafuta kwa mguu mtupu, kidogo kidogo, akikiachia, akianza tena. Mkewe alisikiliza mlio wa kikanyagio kutoka mkekani kama mwalimu.

"Bado," alisema Bi. Mkawasi. "Hapo umeharakisha."

"Hapo?"

"Hapo ni afadhali. Hapo ningeweza kulala usingizi."

Mzee alimwona mgeni akacheka kwa haya. "Dorkasi, usinicheke. Naufundisha mguu adabu. Siku nikiuamini, nitalipeleka gari kwa fundi, kisha nimpeleke Mama hospitali mwenyewe. Unaonaje, mguu huu una tumaini?"

Bi. Wawuda alikuwa na maneno yote mdomoni. Alitazama ule mguu, umekonda, umesimama juu ya chuma ukisubiri jibu lake.

"Una tumaini, baba," alisema.

Akaacha maparachichi, akateremka kilimani akilia.

Aliwasimulia wenzake. Bwana Mwandoe alijifunika uso kwa mikono miwili. Waliafikiana kwenda pamoja baada ya ibada. Jumapili ilipofika, Bwana Mwachofi alikuwa na mazishi Mwatate. Jumapili iliyofuata, Bwana Mwandoe alisema ana mafua, na Bi. Wawuda hakutaka kwenda peke yake tena.

Mzee Jothamu Righa alifariki Jumanne asubuhi.

Funzo: Kabla ya kumwongezea mtu nguvu, muulize kwa nini anakwenda polepole, na ukimkosea, kamwambie angali hai, kwa maana aibu unayokwepa kuibeba wewe, yeye ataibeba akidhani ni yake.