Nafasi Moja ya Unahodha

"Usingekuwa mkono wangu huu, saa hizi ungekuwa ukiliwa na samaki," Shaame alisema.

"Na usingekuwa mkono wako huo, wale watu wasingepanda," Mize akamjibu. "Nani aliyewarushia kamba? Mie?"

"Waliomba maji. Kwetu mtu wa baharini hanyimwi maji."

"Basi kamwambie nahodha hivyo hivyo, kaka. Mwambie uliwakaribisha majambazi kwa adabu."

Walikuwa wamesimama nje ya chumba cha nahodha, Shaame na bandeji kichwani, Mize na kiganja kilichoshonwa. Faki, mdogo wao, alikuwa amekaa chini. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa bandeji iliyolowa damu. Tulieni niwaeleze yaliyotokea, kisha mtahukumu wenyewe.

Hao watatu ni watoto wa ndugu, kutoka Wete, Pemba. Walifanya kazi kwenye yoti, chombo cha anasa chenye tanga, ambayo matajiri huikodi kwa wiki nzima na kuzunguka nayo visiwa vya Ugiriki, katika Bahari ya Mediterania. Kila mmoja alikuwa na kipawa chake. Mize, mpishi, alikuwa na masikio: akiwa jikoni chini ya sitaha, alijua ni nani anayepita juu yake kwa mlio wa nyayo tu. Shaame, baharia, alikuwa na nguvu. Nanga ikikwama na mashine ikishindwa, aliing'oa kwa mikono. Faki, mzamiaji, alikuwa na pumzi. Akizama, wageni huogopa, wakasahau, wakaanza kuogopa tena, ndipo anapoibuka.

Nahodha wao, Mgiriki mzee aitwaye Stamatis, alikuwa anastaafu. Chuo cha unahodha kilimruhusu kupeleka mwanafunzi mmoja, mmoja tu, hata kama hana cheti cha sekondari. Wote watatu waliacha shule kabla ya kumaliza. Mtu ambaye hajawahi kuikosa shule anaweza kuliona hilo jambo dogo. Wao walikuwa wakiliota. Nahodha aliwaambia kwamba safari hiyo ikiisha, atamtaja yule atakayeifaa yoti kuliko wenzake.

Wageni wa wiki hiyo walikuwa Bi Renata na bintiye mdogo, Ines. Katikati ya wiki walitia nanga kwenye ghuba isiyo na nyumba hata moja, na nahodha akachukua kiboti kwenda kununua mkate na barafu. Jua lilikuwa la utosi. Bi Renata alilala chumbani, Ines akalala juu, kivulini. Faki alikuwa majini akisugua mwani chini ya yoti. Wanaume watatu wakaja na boti ya mpira, wakaomba maji ya kunywa. Shaame akawarushia kamba, akageuka kuchukua maji. Wakampiga kwa chuma kichwani, akaanguka.

Sasa alichofanya Mize. Kwenye yoti ile hakuna aliyevaa viatu; vyote huachwa kwenye kapu pale ngazini ili mbao za sitaha zisichubuke. Mize alisikia viatu juu yake. Hakungoja kuuliza. Alipiga ukelele kwa Kiswahili kwamba wamevamiwa, akamvuta Bi Renata jikoni, na mtu wa kwanza aliposhuka na kisu akammwagia usoni sufuria ya maji ya tambi yaliyokuwa yakichemka. Mtu yule, akiwa haoni, alichoma ovyo, kisu kikatoboa kiganja cha Mize. Mize akafunga mlango kwa mkono uleule, akauegemea kwa mgongo.

Shaame alizinduliwa na ukelele ule. Damu ilimjaa machoni. Alichukua mpini wa chuma unaokaza kamba za tanga, akashuka, akamkuta mtu wa pili akipasua mlango wa jikoni kwa shoka. Alimpiga mkononi mfupa ukatokeza. Akampiga tena gotini. Yule aliyeungua akamrukia mgongoni, akamng'ata sikio mpaka kipande kikatoka. Shaame alimbamiza ukutani hadi akalegea, akawaburuta wote wawili juu na kuwafunga.

Faki naye ukelele ulimwibua majini. Aliona mtu wa tatu akimtupa Ines ndani ya boti ya mpira na kuwasha injini. Faki akazama na kipande cha kamba, akakisokomeza kwenye panga za injini. Kamba ilijisokota, na vidole vyake viwili vikaenda nayo. Boti ikasimama palepale ubavuni mwa yoti. Akainuka upande wa pili, akamkamata yule mtu shingoni, wote wakatumbukia na mtoto. Mtu yule alimwachia Ines, Shaame akamvuta Ines juu. Lakini Faki hakumwachia yule mtu. Alikwenda naye chini. Alipoibuka, aliibuka peke yake.

Polisi walichukua wawili wazima na mmoja maiti. Safari ikaishia hapo. Nahodha akajifungia na karatasi ya chuo ya kujaza jina, na hao watatu wakaanza kutupiana maneno.

Bila masikio ya Mize, hakuna ambaye angeamka. Lakini Shaame alimkumbusha kwamba alifunga mlango akijua mtoto yuko nje. Bila nguvu za Shaame, mlango ungepasuka na wanawake wawili wangechinjwa. Na kamba ya kuwakaribisha ni yeye aliyeirusha. Bila pumzi ya Faki, Ines asingeonekana tena. Mize akamuuliza kwa nini alimshikilia mtu aliyekwisha kumwachia mtoto.

"Kule chini aliniomba kwa macho nimwachie," Faki alisema.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, nafasi ni moja. Wewe ungempa nani?

Msiniulize mimi. Nijuavyo ni kwamba mlango ulifunguliwa, na nahodha akasimama pale, karatasi mkononi, hajaandika hata herufi moja.

"Nimeshindwa," alisema. "Ingieni mmoja mmoja. Kila mtu anitajie jina moja, na lisiwe lake."