Nta Chini ya Kibaba

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji wa Sarwan aliishi mjane mcha Mungu aitwaye Bibi Lubaba, ambaye riziki yake ilikuwa kukamua ufuta na kuuza mafuta. Kinu alichoachiwa na marehemu mumewe kilikuwa kizima, ila maksai wa kukizungusha alikwisha kufa. Jirani yake Wahban, mkubwa wa wauza mafuta, ndiye aliyekuwa akimwazima wake kila asubuhi.

Zama hizo ushuru wa Sarwan ulikuwa mzito. Kila mtungi ulioingia sokoni, askari wa liwali walichota humo sehemu yao. Wauza mafuta nao hawakukubali kuumia peke yao. Walibandika nta chini ya vibaba vyao, kwa ndani kwenye kitako, ili kile anachochukua liwali kipunguke kwa mnunuzi. Halikuwa jambo la siri, maana watu wenyewe waliiita nta ile "fungu la liwali." Walinung'unika, wakalipa. Hata wakaanga mikate, ambao kazi yao haiendi bila mafuta, mmoja baada ya mwingine, wakazima majiko yao wakahama, na soko likapooza.

Ikatokea kutawazwa liwali mpya, mtu mpole mwenye kumcha Mola wake. Akamwamuru mnadi atangaze kwamba ushuru wa mafuta umeondolewa, huenda mji ukachangamka, na kwamba baada ya mavuno atakuja mwenyewe kutazama. Watu wakashangilia. Wauza mafuta ndio walioshangilia kuliko wote, kisha wakarudi madukani wakaendelea kupima kwa vibaba vile vile. Mfanyabiashara, ndugu yangu, husahau upesi pale anapotaka kusahau.

Bibi Lubaba naye siku ile alipima kwa kibaba chenye nta. Akaona kwamba akienda hivyo hadi mavuno, atapata maksai wake mwenyewe, asimwombe mtu tena. Akafurahi. Lakini aliposimama kuswali, moyo haukutulia. Alipotoa salamu, alichukua kisu akaibandua nta yote.

Kesho yake Wahban akamjia juu.

"Bibi Lubaba, unatuharibia soko! Nani ametuamuru kutoa nta?"

"Hakuna, ndugu yangu. Lakini na mimi nani ameniamuru kutoza ushuru? Liwali ameuacha. Nikiuokota mimi, nitamjibu nini Mola wangu?"

"Basi maneno yako hayo na yakuzungushie kinu," akasema Wahban, akamfungua maksai wake, akaenda naye.

Tangu hapo Bibi Lubaba akakizungusha kinu kwa bega lake. Ngozi ilichubuka. Alikamua kidogo, na kabla ya alasiri mafuta yalikwisha, watu wakarudi na chupa tupu huku wakimlaumu yeye. Kuna siku alilia kwa uchungu, akaitazama nta iliyokuwa pembeni, nafsi ikamwambia airudishe. Akasema, "Hasbiyallahu, Mwenyezi Mungu ananitosha," akarudi kusukuma.

Mavuno yakapita, liwali akaja. Soko lilikuwa limelala kama alivyolikuta. Alipouliza sababu, Wahban hakukosa jibu.

"Mola akuzidishie, bwana wetu. Ulichopunguza ni kidogo. Tuondolee na ushuru wa kusafishia mifereji, hapo utaona mambo."

Liwali akahuzunika. "Washauri wangu walinionya kwamba kuondoa ushuru hakukuzi mji, nikawapinga. Kumbe walisema kweli. Kesho ushuru utarudi."

Alipogeuka kuondoka, akaona watu wamepanga foleni mbele ya duka moja tu. Akalifuata, na wauza mafuta wakamfuata nyuma, nyuso zimewashuka.

"Mama, kwa nini wamejaa kwako peke yako?"

Bibi Lubaba akamwona Wahban nyuma ya liwali, akajua kwamba neno lake moja litamtia mtu yule kifungoni. Na bega lilikuwa likimuuma.

"Bwana wangu," akasema, "rehema yako ilinifikia, nami nikaipitisha kwa mnunuzi. Usiurudishe ushuru, nakuomba. Ukiurudisha, maskini ataulipa mara mbili."

"Kwani sasa anaulipa? Nani amenizuilia rehema yangu?"

"Mimi, bwana wangu. Niliizuia siku nzima, nikala kisicho changu. Niulize habari zangu, hizo nitakujibu. Za watu wengine usiniulize."

Kisha Wahban akatoka nyuma ya watu akakileta kibaba chake, akaanza kuibandua nta kwa kucha mbele ya liwali, huku machozi yakimdondoka. Liwali hakumfunga. Aliuacha ushuru ukiwa umeondolewa vile vile hadi mavuno mengine, na kabla hayajafika wakaanga mikate walikuwa wamerudi na majiko yao.

Wenye elimu wakiulizwa kama kupunguza ushuru hukuza mji, wengine husema ndiyo, wengine husema siyo. Watu wa Sarwan wao walikuwa wakisema: tazameni kwanza mkono uliopokea. Nasi, enyi ndugu, tumepunguziwa mengi na Mola wetu. Tumwombe asitufanye kuwa mahali ambapo rehema yake huishia.