Pazia la Bibi Tulinagwe

Pazia halingoji nyumba mpya, sogeza kitanda. Mmemsikia mama wa genge akimwambia hivyo mwanawe, sasa mnaniuliza pazia na kitanda vimeingiaje. Maneno hayo nayajua yalikozaliwa, maana nilikuwapo. Basi letu lilikuwa limekufa Makambako, nami nikawa nashinda kwenye studio ya Nehemia, mtu wa kurekodi kwaya.

Nehemia na mkewe Betina walipanga vyumba viwili: kimoja cha kulala, kingine studio. Mama yake Nehemia, Bibi Tulinagwe, alipokuja kuishi nao, wakatundika pazia studioni na kumwekea kitanda nyuma yake. Bibi alikuwa mwimbishaji wa kwaya, sauti yake ukiisikia unasimama njiani. Ugonjwa wa koo ukaichukua, akabaki na mnong'ono. Sauti iliyosalia duniani ilikuwa ndani ya kompyuta ya mwanawe, katika nyimbo alizorekodi kabla hajaugua, na kwaya ilitaka kuzitoa Pasaka.

Kompyuta nayo ikaugua. Inazima yenyewe, inawaka ikipenda. Akaitwa fundi Ambakisye.

"Dawa yake kuifuta window, ule mfumo unaoiendesha, na kuipiga upya," akasema. "Lakini diski yote ni chumba kimoja. Window na nyimbo vimelala pamoja. Nikifuta, vyote vimekwenda."

"Si uigawe, nyimbo ziwe upande wake?" akauliza Betina.

"Shemeji, diski hugawanywa mwanzoni. Window ikishakaa, basi tena. Na diski ya kuzihamishia nyimbo zote hizo hapa mjini nimeikosa."

Nehemia akainama. Ndipo ukatoka mnong'ono nyuma ya pazia.

"Fundi."

"Naam, bibi."

"Hapa nilipolala palikuwa studio. Nimekuja watu wameshahamia, vitu vimeshapangwa. Walibomoa nyumba?"

Ambakisye akacheka. "Hawakubomoa, bibi. Lakini diski si nyumba."

"Umeshajaribu?"

Fundi akakuna shingo. "Kusema kweli, sijajaribu. Niliambiwa haiwezekani, nikaamini."

Akatoa simu, akasoma kwa muda mrefu, akawa anaguna peke yake. Mwishowe akasema, "Kumbe inawezekana! Unaibana sehemu ya window, nafasi inayopatikana unaifanya chumba cha pili. Ila hii imejaa hadi mlangoni. Mmejaza nini humu?"

Betina akamtazama mumewe. "Filamu za ngumi."

"Zile za wateja," akasema Nehemia.

"Wateja gani? Wewe na mto wako!"

Mnong'ono ukarudi. "Nehemia, mwanangu. Siku ya pazia, si mlisogeza kitanda kwanza?"

Basi Nehemia akaanza kuzifuta filamu zake moja moja, uso umemjaa msiba, na Betina amesimama nyuma yake asije akaruka hata moja.

"Sasa ombeni umeme," fundi akasema. "Ukikatika katikati ya kazi, nyimbo hatuna." Betina akatoka mbio, akarudi na kisanduku cha betri alichoazima kwa kinyozi, kile kinachoishikilia kompyuta umeme ukiondoka. Ambakisye akachomeka, akaanza kuibana diski. Kazi ikaenda polepole, ikafika mahali ikasimama. Na taa zikazimika! Kisanduku kikalia pii, pii. Kisha ile kazi ikajikokota tena, ikaisha kabla betri haijakata roho.

Umeme uliporudi, vyumba vilikuwa viwili. Nyimbo zikahamia cha pili. Cha kwanza kikafutwa, window ikapigwa upya, na kompyuta ikawaka kama imetoka dukani. Nehemia akafungua chumba cha pili. Sauti ya Bibi Tulinagwe ikajaa studio.

Pazia likavutwa. Bibi akatoka, akaketi karibu na spika, midomo ikifuatisha wimbo. Ulipoisha akanong'ona, "Wale wa sauti ya nne wamelegea hapo. Waite waje warudie. Pasaka bado."

Wanakwaya wakaja, wakasimuliwa, wakaondoka na neno hilo la pazia na kitanda kinywani, wakimwambia kila anayedai hana nafasi: huyu kiwanja chake chembamba, yule atasomaje na watoto nyumbani.

Sasa yule kijana wa gengeni anasema ataanza kushona nguo akipata fremu kubwa ya duka, na chumbani kwake kuna kochi lisilokaliwa na mtu. Mama yake hakumtukana. Alimwambia tu: pazia halingoji nyumba mpya, sogeza kitanda.