Chemchemi ya Digidigi

Mwaka ule mvua iliisusa nchi ya Simba, mito ikabaki mchanga mtupu. Ng'ambo ya mto, katika nchi ya digidigi, chemchemi moja ilikuwa bado inatoka. Mlinzi wake alikuwa Sungura, naye kila jirani aliyekuja alimpanga foleni. "Kunywa, shukuru, mpishe mwenzako."

Fisi, jemadari wa Simba, hakupenda foleni. Akaenda kwa bwana wake.

"Mtukufu, kule ng'ambo wanakuita paka."

"Paka?"

"Paka mkubwa. Lakini paka."

Kesho yake jeshi likavuka.

Sungura alipoona vumbi alidhani ni wenye kiu, akaanza kuwapanga. Digidigi walikimbilia kwenye matete. Fisi akaamuru matete yachomwe. Moto uliwaka siku tatu. Tembo wa Simba walipita juu ya chemchemi mara mbili, kwenda na kurudi, kama walivyoamriwa. Dada yake Sungura na wanawe sita walikuwa ndani ya matete. Sungura aliwatafuta mpaka nyayo zikambabuka. Alipokosa hata mfupa wa kuzika, akaketi kando ya tope.

Siku ya nne Simba akaja kunywa maji ya ushindi.

"Maji yako wapi?"

"Tembo wako wameyakanyaga, Mfalme," alijibu Sungura.

"Mwongo! Ameyaficha," Fisi akadakia.

Sungura akamtazama Fisi. Nchi nzima ilikuwa imekonda, ila tumbo la jemadari lilikuwa limetuna, linakaribia kugusa chini.

"Kweli nimeyaficha, Mfalme," akasema taratibu. "Lakini kuna aliyeyaona kabla yako. Tumbo lile si la mwenye kiu."

Simba akageuka. "Fisi, umekunywa kabla yangu?"

"Si maji, Mtukufu! Ni nyama."

"Nyama ya nani?"

"Ya waliokufa motoni."

"Wao, au wetu?"

Fisi akainamisha kichwa. "Moto haukuchagua, Mtukufu."

Simba akamkumbuka mdogo wake, ambaye Fisi alisema amepotea moshini. Hakuuliza tena. Aliruka mara moja tu, ikatosha.

Jeshi likarudi kwao bila jemadari na bila maji, na wengi waliangukia njiani kwa kiu. Sungura alibaki peke yake, anafukua tope kwa mikono miwili.

Mla cha mwenziwe na chake huliwa.