Mtunza Mwezi wa Upare

Mwezi wa mmoja, njaa ya wengi. Methali hiyo mmeisikia leo kikaoni, mkacheka, na sasa mnauliza imetoka wapi. Haikutoka kwenye kicheko. Ilitoka kwenye ugomvi wa mke na mama mkwe wake, huko milimani Upare, na ugomvi ulikuwa umeshafika hapa:

"Nikisema sijauona, Namsifu, sijauona!"

"Mama, masika yana wiki ya tatu. Tunangoja nini?"

"Wewe unangoja kufundishwa adabu."

Kijijini hapo maharage hayakupandwa mpaka mwezi uandame, na wa kuutangaza alikuwa mmoja tu: mtunza mwezi, Bi Nakijwa, huyo mama mkwe. Aliyethubutu kuutangaza kabla yake alitengwa, na kila ugonjwa wa mwaka huo ukawa juu yake. Namsifu alikuwa ameuona mwezi siku tisa zilizopita, mwembamba kama ukucha, mawingu yalipoachana kidogo. Majirani nao waliuona. Walitazama miguu yao, wakaingia ndani. Mwezi ukishapevuka, desturi ilikataza kupanda hadi mwezi mwingine, na kufikia mwezi mwingine mvua ingekuwa imekatika.

Namsifu akachukua kibuyu cha mbegu, akakiinua mbele ya uso wa mkwewe.

"Nimeshika nini, mama?"

"Usinichezee. Mimi si rika lako."

"Nimeshika nini?"

Bi Nakijwa akakunja uso. "Jembe. Si ndilo unalolipigia kelele tangu asubuhi?"

Namsifu akakishusha kibuyu taratibu.

"Tangu lini?"

"Tangu vuli." Sauti ya mama mkwe ilikuwa ndogo. "Mjane asiyeona ni mzigo, mwanangu. Mtunza mwezi huletewa maziwa, husalimiwa kwanza. Ningesema, ningebaki nani?"

"Ungebaki bibi yake mwanangu Kiende. Na Kiende tangu juzi anakunywa uji wa pumba."

Akatoka, akapanda peke yake, watu wakimchungulia milangoni. Kesho yake, walipoona radi haijampiga, nao wakashika majembe. Walikuwa wamechelewa. Siku ya nane mvua ikakatika. Maharage yalitoa maua, maua yakakauka, basi. Kipupwe kilipoingia walizikwa watoto wanne, na Kiende alikuwa wa tatu. Namsifu hakumlaumu mkwewe kwa neno. Alimtengea chakula, kidogo kilichokuwapo, akageuka. Hilo lilikuwa baya kuliko matusi.

Mvua za vuli zilipoanza, wazee walimjia jioni moja. Mzee Mbonea ndiye aliyesema.

"Una macho, na huna woga. Tumekubaliana uwe mtunza mwezi."

Namsifu akafuta mikono kwenye kanga. "Tokeni nje."

"Tumekuletea heshima, unatufukuza?"

"Tokeni, na muwaite wake zenu na watoto wenu. Sasa hivi."

Wakakusanyika uani, jua limetoka kuzama.

"Tazameni juu. Atakayeuona aseme. Hatatengwa mtu."

Kila mmoja alimtazama mwenzake. Kisha mke wa Mbonea akanyoosha kidole. "Ule pale, juu ya mgongo wa mlima." Mwingine akasema ameuona, na mwingine, mpaka uani pakajaa sauti. Wakaondoka kwenda kuandaa mbegu, bila kumngoja mtu kuwapa ruhusa.

Bi Nakijwa alibaki ameegemea ukuta, uso ameuelekeza kusiko na mwezi.

"Mwezi wa mmoja," akasema, "njaa ya wengi."