Yakuti ya Giza

Bi Mwanaidi alipeleka mnadani pete ya bibi yake, yenye yakuti ya buluu. Kabla mnada haujaanza, Bwana Shamte, tajiri aliyezoea kuwalalia wajane kwa bei ya chini, aliiinua kwenye mwanga.

"Nyeusi kama chungu cha maharage," alisema. "Bei hupandishwa na buluu angavu. Hii nakupa laki mbili."

"Naomba useme kwa sauti, Bwana, na wenzako wajifunze. Mie sijui vito."

Shamte akawageukia wanunuzi. "Yakuti ya giza, hata iwe ya kale namna gani, haizidi laki mbili."

Bi Mwanaidi alishukuru, akaitia pete mkobani. Dalali akafungua bidhaa ya kwanza: mkufu wa kale wa Shamte mwenyewe, wenye yakuti ya giza vilevile. Na mnadani hapo, kilichonadiwa hakirudi kwa mwenyewe.

Hakuna mnunuzi aliyeinua mkono.

"Hii ni tofauti," alisema Shamte.

"Tofauti gani, Bwana?" aliuliza Bi Mwanaidi. "Chungu ni kilekile. Laki mbili, na elfu kumi ya somo." Hakuna aliyepandisha, dalali akagonga nyundo.

Nyumbani Bi Mwanaidi aliuvaa mkufu, kisha akachukua kitambaa akafuta wanja nyuma ya jiwe la pete. Aliupaka jana yake, alipotoka kukagua bidhaa za mnada na kuuona mkufu wa Shamte. Yakuti ya bibi ikang'aa buluu kama mbingu ya saa nne asubuhi.